Kibali cha mazingira na dohani kuukuu

Mradi mkubwa ukichelewa hapa Zanzibar, lawama huangukia kibali cha mazingira. Wanaolalamika wana hoja. Njia ya umeme kutoka Bara ilipokatika Disemba 2009, Unguja ilikaa miezi mitatu ikijitegemea kwa majenereta, yakinguruma hadi vichochoroni mwa Mji Mkongwe na moshi ukiingia madirishani. Umeme ukikosekana watu huwasha kilicho karibu, na kilicho karibu aghalabu ndicho kichafu zaidi.

Lakini tutazame Lamu. Kule Kwasasi ulipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wapo walioita hilo ukwamishaji. Mimi naona ndipo kibali kilipofanya kazi yake. Mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi unaweza kuchuja zaidi ya asilimia 90 ya gesi hiyo, ila unataka nafasi na fedha nyingi. Wakati wa kuudai ni mradi ukiwa bado kwenye ramani. Dohani ikishasimama, mwenye mtambo ndiye mwenye sauti.

Wapinzani wa vibali hupenda mfano wa Marekani, wakisema masharti magumu kwa mitambo mipya huirefushia maisha ile michafu ya zamani, nao unastahili kujibiwa kwa makini. Sheria ya hewa safi ya 1970 na marekebisho yake ya 1977 ziliibana mitambo mipya. Ya zamani ikaachwa mpaka ifanyiwe mabadiliko makubwa. Ilidhaniwa itazeeka na kufungwa. Haikufungwa. Wenyewe waliitia viraka mwaka baada ya mwaka, wakiita kazi hiyo matengenezo ya kawaida, na makaa yakaendelea kuwaka bila vichujio vya kisasa. Mwaka 1999 serikali ilizishtaki kampuni 7 za umeme. Moja ya hizo, American Electric Power, ilikubali 2007 kufunga vifaa vya dola bilioni 4.6. Fedha hizo zinaonyesha uchafu uliokuwa umeachiwa.

Ni kweli, mlango mgumu kwa mtambo mpya huufanya ule mkuukuu uwe na faida zaidi, na sisi tunaotetea vibali tusilikwepe hilo. Ila moshi ule wa Marekani ulitoka kwenye dohani ambazo kibali hakikuzigusa. Dawa yake ni kibali chenye muda maalumu, kwa mkuukuu na mpya, na kipimo kinachosomwa kwenye dohani yenyewe.

Sisi hatuna mtambo wa makaa. Umeme wetu unapita chini ya bahari, na Bara makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, yanazungumzwa miaka mingi. Yakichomwa, taa zitawaka Unguja na Pemba, moshi watauvuta watu wa Ludewa. Kwa hiyo masharti ya kibali chao yanatuhusu. Na hapa nyumbani, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ianze kupima majenereta makongwe ya mahoteli, si yale yanayoombewa kibali leo tu.