Ufunguo wa Kikoba Hauna Nafasi Kwenye Fomu ya Viza

Mwaka 2024 mama yangu mzazi, mkulima wa korosho wa Newala, kusini mwa Tanzania, aliomba viza ya matembezi ya wiki tatu ili aje kumwona mjukuu wake aliyezaliwa huku Ulaya, akanyimwa. Nchi ninayoishi ni mojawapo ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini sitaitaja jina, kwa sababu ombi la pili liko mezani kwao wakati naandika haya, na wahenga walishatuonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nina hoja moja tu, na imenichukua miaka mingi ya kuishi ughaibuni kuielewa: fomu ya viza inadai kupima kama mtu atarudi kwao, ilhali kinachopimwa hasa ni jinsi maisha ya mtu huyo yalivyoandikwa, na wengi wetu tunatoka mahali ambapo maisha ya mtu hushuhudiwa na watu kuliko kuandikwa.

Huku niliko, karatasi ndiyo shahidi mkuu. Juma la kwanza nilipofika nilipelekwa ofisi ya manispaa kuandikisha anwani yangu, na bila cheti kile nisingefungua akaunti ya benki, nisingepata namba ya kodi, wala nisingesaini mkataba wa simu. Paka wa jirani yangu ana pasipoti, nami sisemi kwa mzaha: ni kijitabu cha buluu cha Umoja wa Ulaya, chenye rekodi ya chanjo zake, na kwa kijitabu hicho paka huyo amekwenda likizo Ufaransa na kurudi bila kuulizwa ana uhusiano gani na nyumbani kwake. Mtu aliyekulia katika utaratibu huu, akiajiriwa kukagua maombi ya viza, hawezi kulaumiwa sana akiamini kwamba jambo lisilo na karatasi halipo. Ndivyo alivyolelewa, na kwao utaratibu huo unafanya kazi.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke kwenye shamba la mama. Mpaka wa kusini ni mkorosho aliopanda babu, wa mashariki ni njia ya kwenda msikitini, na upande wa magharibi anapakana na shemeji yake, ambaye walishagombana na kupatanishwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna mtu kijijini asiyejua shamba lile ni la nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hatimiliki ya kimila, lakini mpaka tulipoomba viza mama hakuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtilia shaka mpaka akahitaji kuithibitisha. Tulipotakiwa kuonyesha mali alizo nazo nyumbani, mtendaji wa kijiji alituandikia barua yenye muhuri, nzuri kabisa kwa macho yangu, tukaipeleka kwa mfasiri. Iliporudi imefasiriwa ilionekana nyonge kama kikaratasi cha ruhusa ya mwanafunzi aliyechelewa shule.

Orodha ya vitu vilivyotakiwa si ngumu kuielewa, na haki yao niwape, imebandikwa wazi. Pasipoti isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na iwe hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Kuwe na tiketi au nafasi iliyoshikwa ya kwenda na kurudi, barua ya mwaliko kutoka kwangu, vielelezo vya mshahara wangu, na ada, ambayo wakati ule ilikuwa euro 80 na tangu Juni 2024 imekuwa 90. Ada hiyo hairudishwi ukinyimwa. Juu yake kuna malipo ya wakala anayepokea maombi, nauli ya basi kutoka Newala hadi Dar es Salaam na gharama za kulala kwa ndugu, ambako kwa desturi zetu huwezi kufika mikono mitupu.

Kilichotuangusha, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni taarifa ya benki ya miezi mitatu. Yeyote anayejua korosho ataliona tatizo hata kabla sijalieleza. Minada huanza Oktoba na kuendelea hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi, zikaingia ghalani kwa stakabadhi, zikauzwa mnadani, na fedha zikaingia kwenye akaunti yake baada ya makato. Kwa hiyo akaunti ya mama hujaa mwezi Novemba na Desemba. Januari hulipa ada za shule za wajukuu wawili anaowalea, Februari hulipa vibarua wa palizi, na kinachobaki hakikai benki, kwani huingia kwenye mabati, kwenye mbuzi na kwenye hisa za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Tuliomba mwezi Aprili. Taarifa ya miezi mitatu ikaonyesha mwanamke mwenye salio la shilingi 186,400 na ambaye hakuingiziwa hata senti tangu mwaka uanze. Kwa afisa aliyezoea mshahara unaoingia kila tarehe 25, mtu huyu hana kazi. Kwa Newala, mtu huyu amevuna vizuri na amezitumia hela zake kwa akili.

Siku ya kuchukuliwa alama za vidole nilikuwa nimemwomba mdogo wangu ampeleke, naye ndiye aliyenisimulia. Mama aliweka vidole vinne kwenye kioo cha mashine, taa ikawaka nyekundu. Akaambiwa afute mikono, akafuta kwa khanga, akaweka tena, nyekundu. Yule kijana wa kaunta, Mtanzania mwenzetu na mwenye adabu, akampa karatasi laini yenye unyevu, akamwambia, "Mama, bonyeza kidogo, usiogope." Mama akamwonyesha ncha za vidole vyake akasema, "Mwanangu, hivi vimeliwa na korosho." Alikuwa akisema kweli tupu. Kwa miaka mingi, kabla hajawa na nguvu ya kuuza ghafi tu, alibangua kwa mkono, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi mpaka inatoka kama ngozi ya nyoka. Mistari ya vidole ikishaliwa mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Kanuni zao zinaruhusu kuchukua vidole vile vinavyowezekana, wakachukua vilivyowezekana. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko hata barua ya kunyimwa yenyewe, maana ushahidi wa kazi ya mama ulikuwa juu ya kioo kile, na mashine ikausoma kama hitilafu.

Jibu lilikuja ndani ya siku 15 zilizotajwa na kanuni, na kwa hilo pia nawapa haki yao. Ni fomu yenye orodha ya sababu na visanduku vya kuweka alama, na kisanduku chetu kilikuwa kile kinachosema kuna mashaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nilipomsomea kwa simu, mama alinyamaza, kisha akauliza, "Wanasema nitabaki huko nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Haki ya kukata rufaa ipo, imeandikwa kwenye fomu ileile, lakini safari ilikuwa ya Mei, na mama alishaniambia tangu mwanzo kwamba Juni lazima awe nyumbani, kwa sababu ndipo mikorosho inapoanza kuchanua na kupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na mkulima asiyepulizia kwa wakati anaweza kuaga msimu.

Salfa hiyo ingetosha kumrudisha, lakini kuna jambo kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mama ni mtunza ufunguo wa kikoba chao. Wanaojua vikoba wanajua sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake hata akiwa na nia mbaya. Ufunguo wa tatu hukaa kwenye pindo la khanga ya mama yangu. Wanawake karibu thelathini hukutana kila wiki chini ya mwembe, na mama asipokuwepo sanduku halifunguki: hakuna anayenunua hisa, hakuna anayekopa, hakuna anayepata fedha ya jamii siku ya msiba. Kuna mwaka aliugua malaria, akabebwa kwa bodaboda mpaka mkutanoni, akafungua kufuli, akarudi kulala. Sasa mniambie, kati ya mtu huyo na mtu mwenye milioni kumi benki ambazo anaweza kuzitoa popote duniani kwa kadi, ni nani aliyefungwa zaidi na kwao?

Katika majuma hayohayo jirani yangu mwenye paka, mstaafu, alikuwa akipanga safari ya Zanzibar na mkewe. Alinigongea mlango jioni moja ili nimsaidie kujaza maombi ya viza ya Tanzania kwenye intaneti. Tulijaza tukiwa tumekaa kwenye kochi lake, tunakunywa chai. Picha, ukurasa wa pasipoti, tiketi, dola 50 kwa kila mtu, ruhusa ya hadi siku 90. Hakuulizwa taarifa ya benki. Hakuulizwa kama ana watoto au shamba, na hakuna aliyetilia shaka kwamba atarudi kwao, ingawa atakayepita Paje au Nungwi atawakuta Wazungu kadhaa waliokuja kwa wiki mbili na sasa wanajua bei ya pweza kuliko mimi. Sisemi nchi yetu iwatese wageni ili kulipiza. Watalii wanatuletea fedha na ninafurahi wakienda. Nasema tu kwamba jioni ile nilishindwa kumeza chai.

Wapo wanaoniambia nichukue uraia wa huku ili nipumue. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku nitakayopewa pasipoti ya huku nitakuwa nimekabidhi ya kwetu, na nitakapokwenda kumzika mzazi huenda nikakaa kwenye kochi kama jirani yangu nikijaza dola 50. Na hata hivyo uraia wangu usingemwongezea mama salio la Aprili.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Wapo wanaokuja kutembea na hawarudi. Ninawafahamu baadhi yao, tunaonana misibani na kwenye sherehe, na siwezi kuwahukumu, kwa kuwa nimeona wanavyoishi: wasiotibiwa meno, wasiomzika baba, wanaoshtuka kila wakiona sare. Wapo pia, na hawa nawahukumu, madalali wa Dar es Salaam wanaomwambia mwombaji akope milioni tano, aziweke benki Jumatatu, achukue taarifa, azirudishe Ijumaa pamoja na riba. Afisa wa viza si mjinga; ameona mchezo huo mara elfu, na kila anapouona anazidi kumtilia shaka hata yule ambaye salio lake dogo ni la kweli. Mdogo wangu alishauriwa afanye hivyo, na mama akakataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini mashaka yakishakuwa ndiyo kipimo cha kwanza, yanamwangukia zaidi mtu wa msimu, na nchi zetu zimejaa watu wa msimu: wa korosho, wa karafuu, wa kahawa, wa pamba, wa dagaa. Kuomba taarifa ya miezi kumi na miwili badala ya mitatu hakuhitaji mkataba mpya baina ya mataifa. Kupiga simu moja kwa mwenyekiti wa chama cha msingi hakugharimu hata euro moja, ilhali mwombaji amelipa 90. Na kama ada haiwezi kurudishwa yote kwa aliyenyimwa, irudishwe nusu, maana nyumbani hata fundi cherehani akiharibu nguo hathubutu kudai ujira kamili.

Mwaka 2025 mama hakutaka hata kulisikia neno viza. Safari hii tumeomba Januari, wakati fedha za mnada bado zinaonekana, kwa taarifa ya mwaka mzima ili kupanda na kushuka kwa salio kuonekane wazi, pamoja na stakabadhi za ghalani za misimu mitatu na barua ya chama cha msingi inayoeleza kalenda ya korosho mwezi kwa mwezi. Alama za vidole zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, hivyo hakulazimika kubishana na mashine. Hatimiliki ya kimila bado tunaisubiri.

Karatasi ya mwisho kwenye bahasha hatukuiomba, na hakuna orodha inayoitaka. Mama aliwaambia wenzake wa kikoba kwamba huenda akasafiri Aprili, wakakaa kikao, wakaandika kwenye daftari la mihutasari kwamba ufunguo wa tatu utashikwa na mwanachama mwingine kwa wiki tatu tu, na kwamba mama akipitisha siku bila taarifa atatozwa faini shilingi 5,000 kwa kila mkutano. Waliosoma walisaini, wasiosoma walipiga dole gumba kwa wino. Mdogo wangu aliupiga picha ukurasa ule akanitumia, nami nikamlipa mfasiri aufasiri wote, pamoja na faini.