Moto Uliofungwa Pingu

Katika hoteli moja ya Diani nilikoajiriwa kuandika leja ya stoo, elimu ya alama za hatari ilikuwa mali ya mtu mmoja, naye ni mzee aliyekuwa ameitunza stoo ile chini ya mameneja kadhaa bila kumhofu hata mmoja. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwaka 2003 mfumo wa michoro ya kemikali, ule wa pembenne nyeupe zenye mpaka mwekundu, nia ilikuwa mtu aelewe hatari hata asipojua lugha iliyoandikwa kwenye kopo. Waliouandaa hawakumjua mzee wetu. Mchoro wa kimiminika kinachomwagikia mkono na kuula, unaoonya kuhusu asidi na magadi makali, yeye aliusoma kuwa sabuni ya kunawia, na kama mfuniko wa dawa ya kuzibua mabomba haungekuwa mgumu kufunguka, sijui angeshika kalamu kwa vidole gani.

Kuhusu moto, hata hivyo, alikuwa na nadharia kamili. Petroli ya jenereta, yenye mchoro wa mwali mtupu, aliiweka nje, mbali na kila kitu, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa, kwa maana mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na baridi hiyo Diani haijapata kuja hata kwa matembezi. Lakini pipa la klorini ya bwawa la kuogelea lilikuwa na mwali uliokaa juu ya duara.

"Mwanangu," akaniambia, "moto mtupu ni moto huru. Huu una duara chini, maana yake umefungwa pingu."

Nilipomwomba, kwa adabu zote, tusome maandishi yaliyo chini ya mchoro, alimwaga chembe chache sakafuni, akawasha kiberiti na kukishikilia juu yake. Hazikuwaka. Alinitazama kwa huruma, kisha akalisogeza pipa hadi kwenye rafu ya vifaa vya gari.

Asubuhi moja kijana wa bwawa alikuja kuchukua klorini, na mzee, kwa kukosa chombo, akamchotea kwenye bakuli la plastiki ambalo fundi wa gari alikuwa ameliacha likiwa na mafuta ya breki ndani yake. Akaliweka juu ya mizani. Alikuwa bado anamweleza kijana habari ya pingu wakati bakuli lilipoanza kunguruma, likatoa moshi wenye harufu ya kuchoma pua, kisha mwali mrefu ukaruka kutoka humo bila kiberiti cha mtu yeyote.

"Umetoroka!" mzee akapiga kelele, na nadharia yake ikabaki imara.

Nilikimbilia mtungi wa kuzimia moto, ambao kazi yake ya kila siku ilikuwa kuzuia mlango usijifunge. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala kwenye nyekundu tangu nilipoajiriwa, na mzee alikuwa amenihakikishia kwamba mtungi wenyewe ni mwekundu, kwa hiyo mshale uko nyumbani. Nilipoubonyeza ulikohoa mara moja ukanyamaza. Wafanyakazi wengine walifuata kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia, wakajipanga kwa utulivu wa kupendeza kando ya kizimba cha mitungi ya gesi ya jikoni. Aliyetuokoa ni mtunza bustani, ambaye hajapata kusoma stika yoyote: alikuja na mpira wake wa maji, akayamwaga kwa wingi hadi mizani ikaelea.

Ofisa wa zimamoto alitueleza baadaye kwamba mwali juu ya duara huonyesha kitu kinachotoa oksijeni, yaani chenyewe hakihitaji kuwaka, bali hukichochea kingine kiwake vikali, na ndiyo sababu maji mengi yalifaa kuliko kujaribu kuufunika moto usipate hewa. Mzee alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Kwa hiyo klorini haikuwaka," akasema.

"Kwa kusema kweli, mzee, kilichowaka ni mafuta na bakuli."

Mzee akanigeukia, akaniamuru niandike hivyo kwenye leja mbele ya ofisa. Niliandika: bakuli moja, limeungua; klorini, haina hatia. Meneja alitia sahihi bila kusoma.