Damu ya Ng'ombe Nusu Lita

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara. Jamaa ananadi damu mbichi ya ng'ombe kwa chupa, eti wazungu wamekuta humo antibaiotiki inayoshinda vidonge vyote. Maustadhi wetu, ambao picha ya harusi tu inawafanya watutumie aya, nimewaona wanauliza kama analeta mpaka Chuno.

Kinachoniudhi ni kwamba hakudanganya yote. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walitangaza indolisidini, peptidi ya asidi amino 13 tu, kutoka chembe nyeupe za damu ya ng'ombe, na kweli inaua bakteria. Mwaka uliofuata ikaja protegrini, peptidi kama hiyo ya nguruwe. Hiyo muuzaji hakuitaja. Kwa soko la huku, kapiga hesabu vizuri.

Haya, hapo kapata. Lakini peptidi si kitu kigeni, ni kipande cha protini. Ukiinywa, tumbo linaimeng'enya kama supu uliyokunywa asubuhi. Mwilini mwa ng'ombe inafanya kazi kwa sababu chembe nyeupe inammeza bakteria kwanza, ndipo inammwagia sumu humo humo ndani. Wewe unamwaga kwenye utumbo halafu unasubiri jipu lipone! Wataalamu wenyewe imewatoa jasho: indolisidini inapasua hata chembe nyekundu, na iseganani, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga protegrini, ilifeli ilipojaribiwa kwa wagonjwa. Wao wana maabara. Huyu wetu ana chupa za maji zilizookotwa.

Halafu chembe za ng'ombe za nini? Chembe nyeupe zako wewe zina difensini, peptidi za kuua bakteria vilevile, inajulikana tangu 1985. Unazo bure.

Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu, sitakisema sana, wafugaji mnakijua kinavyokaa kwenye damu.

Ningecheka tu na kupita. Ila kuna mama mtaani kwetu, ana kisukari na kidonda mguuni, kaacha kwenda kusafishwa na dozi kaiweka kabatini. Anakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mguu ule jamani! Wanawe mnasoma hapa, mpelekeni leo, msingoje Jumatatu.

Na ng'ombe mwenyewe, mwenye chembe zake zote, akipata kititi, ule ugonjwa wa kiwele, anaitiwa mtaalamu wa mifugo amtibu kwa antibaiotiki. Muulizeni muuzaji mbona hakumnywesha damu yake.