Mwanakupona Hana Somo

Msimu wa baridi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule ya watoto wadogo na karatasi aliyochora samaki wanne wa rangi ya machungwa. Chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu, paliandikwa "Mona". Nikamuuliza Mona ni nani. Akanijibu huku anavua viatu, "Ni mimi. Mwalimu anasema jina langu refu."

Binti yangu anaitwa Mwanakupona. Ana miaka minne. Amezaliwa Leicester, Uingereza, na mimi mamake nimezaliwa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, nyumba ambayo ukikaa ndani unasikia kwato za punda wakipita kichochoroni. Kesho yake nilikwenda kuzungumza na mwalimu. Ni mtu mwema. Alinisikiliza, akauliza jina lina maana gani, akalirudia mbele yangu mpaka akalipata, silabi zote tano, sauti ikikaza kwenye "po". Tangu siku ile hajamwita Mona tena, kwa hivyo siandiki kuilalamikia shule. Naandika kwa sababu jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu Lamu nikamsimulia, naye akacheka. "Hata huku wangelikata, dada. Nani siku hizi amwita mtoto Mwanakupona?"

Sikulala vizuri. Nilianza kuwahesabu kichwani watoto wa ukoo wetu waliozaliwa miaka ishirini hii, wa Amu, wa Matondoni, wa Mombasa, na sikumpata hata mmoja. Yuko nyanya yangu, aliyepita miaka themanini, na yuko binti yangu. Kati yao hakuna mtu.

Anayesoma Kiswahili cha vitabuni atadhani "mwana" ni mtoto basi. Kwetu Amu, Mwana ni heshima ya mwanamke kama Bwana ilivyo ya mwanamume. Pate, kisiwa jirani, ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na Mombasa wana habari za malkia wao wa kale, Mwana Mkisi. Heshima hiyo ikashikamana na majina yenyewe mpaka ikawa neno moja: Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanakhadija. Wako pia kina Mwanajuma waliozaliwa Ijumaa, Mwanaidi wa siku ya Idi, Mwanamvua wa siku ya mvua, na hapo "mwana" waweza kumsikia mtoto na bibi kwa pamoja. "Kupona" haihitaji kamusi. Mamake nyanya alikuwa amezika watoto wawili, wote hawakufikisha siku arobaini, na wa tatu alipozaliwa akamwita hivyo. Ni dua aliyoiomba kila siku kwa kumwita mtoto aje ale.

Na jina lina mwenyewe wa zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyesimama dhidi ya Seyyid Said wa Unguja. Mwaka 1858, mumewe amekwisha kufa na yeye mwenyewe ameshikwa na maradhi yaliyotimiza mwaka, alimwita bintiye, Mwana Hashima, amjongelee na wino na karatasi, akamtungia utendi wa nasaha. Alifariki Amu miaka michache baadaye. Huwa nasisimka nikifikiri kwamba mwanamke mwenye jina la kupona alilala kitandani akijua haponi, na alilolitaka ni karatasi, ili bintiye asibaki bila maneno yake. Najua wako wasichana wa leo wasiolitaka jina kwa sababu utendi ule humfundisha mke utii mwingi. Mimi pia silipokei kila neno lake. Lakini ni mwanamke wa kwetu aliyesikika kwa sauti yake mwenyewe, na amesikika zaidi ya miaka 160. Siwezi kumwacha kwa sababu hatukubaliani kila jambo. Hata na mamangu hatukubaliani.

Huku ninakoishi, jina ni mali ya mtu peke yake. Wazazi wenzangu wakizungumza juu ya mtoto atakayezaliwa, hofu yao ni kwamba darasani atakuwepo mwengine mwenye jina hilo hilo. Idara ya takwimu ya taifa hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto waliozaliwa England na Wales, na watu huisoma kama matokeo ya mpira. Kwa wasichana, Olivia ndilo lililoshika nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka tangu 2016. Kwa wavulana, mwaka 2023 likaongoza Muhammad. Jina lililopewa watoto chini ya watatu kwa mwaka halichapishwi kabisa, ili mtu asije akatambulika. Nimelitafuta la binti yangu. Halimo. Jirani yangu aliposikia alinipongeza kwa moyo wake wote: mtoto wako hana mwenziwe nchi nzima!

Nilimshukuru, maana kwao hiyo ni sifa kweli. Lakini mimi nimelelewa mahali ambapo watu wawili wenye jina moja huitana somo. Ukikutana na somo yako njiani humpiti hivi hivi. Mnachangamkiana, mnaulizana ya nyumbani, na akifikwa na harusi au msiba unahisi umekufika wewe. Mtoto aliyepewa jina la nyanya yake ana ruhusa kwake ambayo wajukuu wengine hawana. Atamtania, atamdekea, atamnyang'anya hata tambuu, na hakuna wa kumkemea kwa sababu yule ni somo yake. Kwa hivyo jirani yangu aliponiambia binti yangu hana mwenziwe, nilisikia kwamba binti yangu ni mkiwa.

Alhamdulillahi anaye mmoja. Tunapompigia nyanya simu ya video, mara nyingi huwa amekaa uani, sinia la asumini mapajani, anatunga maua. Macho hayamsaidii sana, vidole ndivyo vinavyoona: sindano inaingia kwenye kikonyo, ua linasukumwa taratibu mpaka liguse lenziwe, kisha jani la mrehani, kisha asumini tena. Akiisikia sauti ya mtoto anaiacha sindano ining'inie kwenye uzi. "Somo yangu! Umekula, somo yangu?" Na huyu wa huku, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokotaokota, anajibu kwa kelele, "Nimekula, somo!" Hamwiti nyanya kamwe. Neno la somo alilishika kabla hajajua kusema maji.

Lazima niseme na hili, maana nisingelisema ningekuwa nawadanganya walioko nyumbani. Kwa upande wa karatasi, huku wamelitunza jina hili kuliko sisi. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 42. Nilikwenda ofisini na kichanga changu kifuani, tayari kwa vita, nimejiandaa kueleza na kubishana. Mwandikishaji akaandika, akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaniomba nisome herufi moja moja kabla sijatia sahihi. M, W, A, N, A, mpaka mwisho. Hakuna aliyeniambia ni refu, wala kwamba si la Kiingereza. Nyanya yangu kwa upande wake ana kitambulisho kilichoandikwa "Mwana Kubona", maneno mawili, na B badala ya P, kosa la karani mmoja wa ofisi moja miaka mingi iliyopita. Halikusahihishwa mpaka leo. Kila akilazwa hospitali, kila akitumiwa pesa, kuna kijana dirishani wa kumuuliza yeye ni Kupona au Kubona. Mtu aliyeombewa uhai kwa jina hilo anaambiwa athibitishe kwamba ni lake. Linaniuma, na naona ni wajibu wetu watoto na wajukuu kulifuatilia, wala tusingoje kaburini ndipo tuliandike sawasawa.

Lakini karatasi haimwiti mtu. Ukisimama Ndia Kuu baada ya Alasiri, watoto wanatoka madrasa, mama mmoja akiita "Fatma!" wanageuka wanne. Hiyo ndiyo orodha yetu, inasomwa kwa masikio. Na masikio yananiambia kwamba kina Mwana wanapungua. Sina ugomvi na Fatma wala Khadija wala Aisha, hao ni mama zetu, na wazee waliyapokea majina yao, wakayatangulizia Mwana kwa mapenzi. Ninayoyasikia sasa ni yale yanayochaguliwa kwenye simu na kwenye tamthilia za Kituruki. Ni mazuri. Mabinti wawili wa mdogo wangu wanayo, nami nawapenda wao na majina yao. Lakini nikimuuliza mdogo wangu hili umelitoa kwa nani, ananiambia amelipenda tu. Yaani amechagua kama anavyochagua jirani yangu wa Leicester, kwa kusikiliza sauti. Mtoto wake kule Amu atakuwa na jina lisilo na mtu nyuma yake, na binti yangu, aliyezaliwa kwenye baridi, anaitana somo na bibi wa Langoni. Sikutegemea mambo yageuke hivyo.

Binamu yangu mmoja ana hoja nzito zaidi, na namheshimu kwa kuisema wazi. Anasema Mwana lilikuwa jina la majumba ya mawe, la waungwana wa mtaa wa Mkomani, na waliokuwa wakiwatumikia hawakuitwa hivyo. Ni kweli. Watumwa waliitwa Mabruki, Majaliwa, Faraji, majina waliyopewa na waliowamiliki. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini kudharauliana hakukuisha siku hiyo, na hata leo mtu aweza kulisikia jina akakupima ukoo. Basi kuna haja gani, aniuliza, ya kuirudisha fahari ile?

Jibu langu ni mamake nyanya yule yule. Hakuwa wa jumba la mawe. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, na alipomwita mtoto Mwanakupona wako waliomcheka, kwamba amejitwalia kisicho chake. Nyanya husimulia kwamba mamake aliwajibu: "Ni mwanangu, basi kwangu ni Mwana." Akaendelea kumwita. Mimi sijui hoja ya kulihifadhi jina iliyo bora kuliko hiyo. Yeye hakurithi heshima, aliichukua akampa mtoto aliyeogopa kumpoteza. Tukiliacha jina life kwa sababu ya waliolifungia ndani ya kuta zao, tutakuwa tumewaachia walifunge milele.

Binti yangu alipozaliwa, mume wangu alimwadhinia sikioni kwa kunong'ona, kwa sababu kitanda cha pili, nyuma ya pazia, palikuwa na mama aliyelala. Yeye ni mtu wa Malindi, na kwa ada zetu zamu ya kumpa jina mtoto wa kwanza ilikuwa ya upande wao. Mamamkwe alikuwa amekwisha kuchagua. Siku ya saba, siku ya akika, tuliwaunganisha kwa simu, Malindi huku, Amu kule, sisi katikati na kijukwaa cha simu kilichoegemezwa kwenye sufuria ya pilau. Mamamkwe akamwuliza nyanya yangu hali yake, akasikia kikohozi chake, akaingiwa na huruma. Akasema, "Nawapa zamu yangu. Mpeni la huyu bibi, asikie akiitwa naye angali hai." Sijapata kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo tangu nitoke nyumbani, na aliyeitoa hatujaonana ila mara mbili.

Mdogo wangu sasa ana mimba ya miezi saba. Ni mtoto wake wa tatu, wa upande wa baba na wa upande wa mama wamekwisha kupata zamu zao, kwa hivyo uchaguzi uko mikononi mwake. Nimemwomba, akiwa msichana, amwite Mwanakupona. Amenijibu ataona. Sitamlazimisha, jina la kulazimishwa halikai kinywani. Lakini namwomba tena hapa mbele ya watu, na nawaomba wengine ambao nyumbani kwao kuna Mwanamvua mmoja au Mwanahawa mmoja aliyebaki kitandani na tasbihi yake: mpelekeeni mtoto wa kuitwa kwa jina lake wakati bado anaweza kuitika.

Huku kwangu binti ameshayasikia mazungumzo yetu. Kila siku aniuliza kama mtoto wa halati yake atakuwa somo yake. Namwambia bado hajazaliwa. Ile karatasi ya samaki ameniomba tuiweke kwenye bahasha tuitume Amu, na kwa kalamu nyekundu amelikata neno Mona, akaniomba nimwandikie jina lote juu yake, kubwa, ili mtoto akija alisome.