Twaomba Nafasi Moja

Sasa tusikilizane. Ile sauti ya simu mliyotumiwa na makanga wa gari la nyuma, eti niliivuruga posa ya dereva wangu, ina chumvi na pilipili kushinda mihogo ya Lighthouse hapa Mombasa. Hakuna mlango uliovunjika. Hakuna aliyezirai. Na baba wa mwari sikumwita "mdosi" hata mara moja.

Mnajua vile dereva wangu amehangaika kwa ajili ya yule binti wa Kibokoni. Bwana mtarajiwa haendi kwenye posa yake mwenyewe, na ami yake, ambaye ndiye mwenye msafara, alikuwa na mafua hata sauti imekauka. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi kiongozi wa stegi ya matatu. Cheo hicho nilipewa kwa sababu ya koo, si akili. Pale Ferry ukiongea taratibu watu hudhani gari ni bovu. Ukibweka, abiria anajua safari ipo, dereva anajua kazi inafanyika, na askari wa kaunti anajua stegi ina mwenyewe. Kwetu kubweka ni adabu. John Michuki, alipotunyoosha 2004 akiwa waziri wa uchukuzi, alitufunga mikanda, akatuvisha sare za maruni, magari akayatia vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Midomo ya makanga aliisahau.

Ami akanifunza maneno kwa kunong'ona: "Tumekuja kwa heshima. Twaomba nafasi moja katika ukoo wenu. Mkiridhia, tuko tayari." Nikayakariri usiku kucha. Maneno, wallahi, nilikuwa nayo yote. Sauti ya kuyabebea ndiyo sikupewa, na ami angenipa vipi naye mwenyewe hana?

Tukafika. Mikeka imetandikwa, udi unafuka, kahawa tungu kwenye vikombe vidogo, halua pembeni. Mimi nimekaa karibu na mlango, kanzu ya kuazima inanibana kwapani, nyuma yangu makanga watatu wamevaa kofia kama watu wa maana. Baba mtu akakohoa.

"Haya vijana, mwataka nini?"

Hapa twendeni polepole, maana hapa ndipo palipoharibika.

"Tumekuja kwa heshima" ilitoka laini, hata ami akaitikia kwa kichwa. Halafu boda ikapita kichochoroni, ikapiga honi. Honi, jamani! Mwili wangu ukisikia honi hufanya kazi bila kuniuliza. Sauti ikatoka kifuani ikapanda puani, inakokaa siku zote:

"Twaomba nafasi mojaaa! Moja tu! Moja!"

Kikombe cha mzee mmoja kikakwama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Ningeweza kunyamaza hapo. (Nyinyi mnaocheka huko Mtwapa, nawaona.) Lakini ulimi ulishaanza kuteremka daraja la Nyali, breki hakuna:

"Mkiridhia, tuko tayari, tuko tayari, tayariii!"

Na mkono. Huu wa kulia, wa kupokelea nauli. Niliuona ukinyanyuka. Nikauambia moyoni, usithubutu. Ukapita mbele ya uso wangu, ukakwepa sinia ya kahawa kwa ustadi mkubwa, ukatua kwenye mlango wa nakshi wa babu yao. Pa! Pa!

Kwa wasiopanda matatu: kofi moja ni simama, mawili ni twende.

Wenzangu watatu wakainuka kwa pamoja. Mmoja tayari alikuwa na kiatu mguuni. Mwingine, huyu huyu anayewasambazia sauti, alikuwa ameshaning'inia mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja kichochoroni, kanzu inapepea. Hilo amewaambia? Hajawaambia.

Kimya. Feni tu inazunguka. Baba mtu akaweka kikombe chini, akanitazama kuanzia kofia mpaka kidole gumba cha mguu.

"Kijana, kwani nyumba hii yaenda wapi?"

Na nyuma ya pazia, sauti ya bibi kizee: "Muulizeni kwanza nauli."

Nawaelewa, msidhani siwaelewi. Mtu ametandika, amefukiza, halafu mgeni anamposa binti yake kwa sauti ya kujazia kiti cha nyuma. Lakini na wao wangejua! Sauti ile siitoi ovyo, huitoa gari likiwa jipya. Niliwapa heshima ya juu kabisa niliyo nayo.

Ya baadaye ni mafupi. Ami alipona mafua kwa hasira, akaomba radhi, akayasema maneno yale yale, neno kwa neno, chini chini, na wazee wakaanza kuitikia "inshallah, inshallah." Yale yale! Nilitaka kulia. Tumeambiwa turudi baada ya Idi tuzungumze mahari, msafara wote wakaribishwa, "na yule wa nafasi moja abaki na gari."

Dereva hanisemeshi. Tuko gari moja tangu alfajiri, Ferry hadi Bamburi, na akitaka jambo humtuma abiria wa mbele: "Mwambie makanga afunge mlango." Jana alimtuma mama mmoja mpole, akanigeukia akanong'ona, "Mwanangu, waombwa ufunge mlango." Sikusikia kitu. Ikabidi nimwombe arudie kwa kunifokea.