Kamba mbili, mti mmoja

Juzi umeme ulizima hapa Rønne, mji wa kisiwa cha Bornholm, Denmark, kwa dakika 40, na jirani yangu, bibi mtu mzima, akaja kunigongea mlango amefura. Karatasi ya kutuarifu ilitiwa mlangoni wiki nzima kabla: Jumanne, saa nne hadi saa tano, wanabadilisha waya wa mtaa. Nikamwonesha. Hakutulia.

Nilikosa la kumwambia. Mie mtoto wa Unguja. Kiza cha kukosa umeme kisiwani kwetu cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 nimekaa nacho mpaka mwisho, na cha mwezi mzima cha 2008 kabla yake.

Bornholm ni kisiwa kama chetu. Na wao umeme unawajia kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Sweden. Meli imewahi kukokota nanga ikaukata, na kisiwa kikajiendesha chenyewe: kuna mtambo hapa Rønne unaochoma vipande vya miti, kuna upepo, kuna jua. Hilo jua ndilo linaloniuma roho. Disemba linachomoza saa mbili u nusu asubuhi, saa tisa u nusu limekwisha, na bado wanalivuna!

Sisi Unguja tulipopata waya wa pili wa chini ya bahari mwaka 2013, megawati 100, nilifurahi mno. Lakini huo na ule wa 1980 zote zatoka Ras Kiromoni huko bara, zote zaishia Fumba kwetu Unguja. Gridi ikianguka bara, sote kiza.

Mtasema nimekula baridi nimesahau kwetu. Mtasema wao ni watu elfu 40 na matajiri, sisi Unguja peke yake tumepita milioni moja na laki tatu. Basi watu wote hao ndio waachwe wanategemea bara tu? Mtasema Mtoni, hapo Unguja, yapo majenereta. Yapo, ya dizeli, na bei ya dizeli mnaijua nyie kuliko mie. Siombi tuwe Denmark. Naomba paneli na mabetri makubwa yakae huku huku kwetu, waya ukipata ajali hospitali na viwanda visisimame.

Kaka yangu anagandisha barafu Mkokotoni, huwauzia wavuvi. Umeme ukikatika huifunga friza kwa kamba na kuifunika blanketi, mtu asifungue. Mwezi uliopita ulirudi kwa kishindo, kompresa ikaungua. Hoteli ya karibu haikutikisika, ina jenereta lake. Uchumi wa buluu tunaouimba utasimama vipi, ikiwa mwenye mtaji mdogo ndiye anayezimika na umeme? Jana kanipigia: pweza wa wavuvi wawili wameozea mle ndani, anawalipa kidogo kidogo.