Usiusingizie mvinyo, angalia sahani

Chupa ilikuwa ya Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito, na aliyeharibu mlo ni mimi. Nilikuwa nimewaandalia wageni kuku wa kuoka, nimempaka pilipili bila huruma. Funda la kwanza, mgeni mmoja akakunja uso. La pili, akaisogeza glasi pembeni taratibu, akaomba maji. "Huu mvinyo wako una hasira," akaniambia. Nikailaumu chupa. Kesho yake nikanywa iliyobaki na mbavu za kondoo zenye mafuta yake, chumvi tu, nikashangaa: mvinyo uleule, umetulia, unanukia zabibu zilizoiva sana.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba hapendi mvinyo mwekundu mzito, swali langu ni moja: uliunywa na nini?

Kinachowakimbiza wengi ni ule ukakasi. Unatokana na tanini, ambazo zimo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine huongezwa na mapipa ya mwaloni. Tanini hunasa protini za mate, utelezi wa kinywa ukapungua, ulimi ukaanza kukwaruza ufizi. Ukishawahi kuuma ndizi mbichi, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake, unaujua. Watu huuita uchachu, na hapo ndipo wanapokosea: uchachu hukujaza mate, ukakasi hukukausha.

Sasa weka nyama yenye mafuta. Tanini zinapata protini nyingine za kunasa, na mafuta yanarudisha ule utelezi. Chumvi nayo hupunguza makali. Pilipili hufanya kinyume: mvinyo wa aina hii mara nyingi una kilevi cha asilimia 14 au zaidi, na kilevi huchochea moto wa pilipili. Samaki wa mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni. Keki ndiyo usijaribu kabisa, mvinyo utakuwa mchungu kama dawa.

Ndiyo maana ile kanuni ya "nyama nyekundu, mvinyo mwekundu" siipendi. Inatazama rangi. Kipande cha ng'ombe kilichochemshwa, hakina mafuta wala chumvi ya kutosha, hakiusaidii mvinyo chochote, wakati biringanya za kuoka zilizofunikwa jibini gumu huendana nao vizuri sana. Hata rangi ya mvinyo wenyewe hudanganya. Nebbiolo, zabibu ya Barolo kule Italia, hutoa mvinyo mwepesi wa rangi, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, lakini onja uone meno yanavyokauka! Malbec wa Argentina ni mweusi karibu na wino, na mara nyingi ni mpole kuliko huo. Anayetaka ukakasi wenyewe hasa atafute Tannat, wa Madiran nchini Ufaransa au wa Uruguay.

Na joto. Ushauri wa kuunywa kwa "joto la chumba" umeharibu chupa nyingi. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Chumba chenye 28 hufanya kilevi kikupande puani kabla hujasikia harufu ya tunda. Mimi huiweka chupa kwenye friji nusu saa, na anayecheka acheke. Isizidi sana tu, maana baridi kali huamsha ukakasi upya. Mvinyo ukiwa bado mchanga naumimina kwenye jagi saa moja kabla, upate hewa.

Pilipili sijaiacha, na sina mpango huo. Siku yake ikifika, Cabernet inabaki kabatini na ninafungua Gamay wa Beaujolais, mwekundu lakini una tanini chache, nikiwa nimeupoza vizuri. Mgeni wangu yule aliumaliza wote, akaulizia kama kuna mwingine.